Mama anaenda Dubai kulea mzazi, dawa zake ziko kwenye vibahasha na tramadol imo, naombeni ushauri

binti_wa_pangani

Habari za saa hizi wadau. Naombeni mawazo yenu maana siku ya pili hii sijalala vizuri kwa ajili ya hili jambo.

Dada yangu yuko Dubai na mumewe, anategemea kujifungua mwanzoni mwa mwezi wa saba, mimba yake ya kwanza, kwa hiyo mama anapanda kwenda kumlea mzazi arobaini yote. Viza imetoka na tiketi tumeshakata, zimebaki wiki nne. Mama ana miaka 67, kisukari na presha anavyo miaka mingi, na magoti yanamtesa kiasi kwamba asipomeza dawa usiku halali, anakaa kitandani anajisugua mpaka adhana ya alfajiri.

Jana nikamwambia mama hebu toa dawa zako tuzipange. Akaniletea lile kopo la biskuti anakotunzia. Jamani. Ndani vibahasha kama kumi na tano, vile vya famasi, juu kimeandikwa 1x2 kwa peni basi, jina la dawa hakuna, jina la mama hakuna. Yeye anazijua kwa rangi na ukubwa, "hii ya presha, hii ya sukari, hii kubwa inanukia vibaya ndo metformin". Halafu kapsuli za magoti ziko kwenye vipande vya karatasi ya silva vilivyokatwa kwa mkasi, kimoja kimeandikwa "madol 50", kingine kimebaki "tra" tu. Nikahesabu kapsuli 84. Kuna na chupa ya dawa ya kikohozi aliyopewa mwezi wa nne, nikasoma kwa nyuma ina codeine. Insulini ipo kwenye friji, ile nyeupe kama maziwa, imeandikwa 70/30. Na kuna unga wa mlonge kwenye kichupa cha jemu na unga mwingine wa kijivu wa tumbo alipewa na jirani, hata yeye hajui ni mti gani.

Sasa mpangaji wetu mmoja kaniambia hizo kapsuli za magoti ni tramadol, dawa kali ya maumivu, na Dubai mtu anafungwa nayo. Nimeingia mtandaoni nimesoma nimezidi kuchanganyikiwa. Ni kweli? Na kama ni kweli mama magoti yake tutayafanyaje? Na insulini inasafirije na hili joto? Nisaidieni, mama yangu hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Zanzibar.

kaka_mkubwa_TA

Usijitie presha dada. Mama yangu kapita Dubai mara tatu na dawa zake kwenye mkoba, hakuna aliyemuuliza hata siku moja. Wazee hawakaguliwi kivile. Weka kwenye begi kubwa katikati ya vitenge, msianze kujiandikia mabarua mkaamsha walolala.

mfamasia_kanda_ya_ziwa

@kaka_mkubwa_TA naomba nikupinge ndugu yangu na sikupingi kwa ubaya. Mama yako alipita, tunamshukuru Mungu, ila hukutuambia alibeba dawa gani. Metformin ya sukari na amlodipine ya presha hazina shida popote. Tramadol ni habari nyingine kabisa, na kuificha katikati ya vitenge ndo kosa lenyewe linapokuwa kubwa, kwa sababu dawa iliyofichwa inaonekana ni ya magendo na mzee anayeficha anaonekana katumwa.

@binti_wa_pangani mimi ni mfamasia, mwaka wa tisa huu kazini, nikueleze taratibu.

Kwanza ni kweli. Tramadol na codeine zote mbili kwa Emarati, yaani nchi ilipo hiyo Dubai, ni dawa zinazodhibitiwa, huziingizi bila kibali. Watu wengi wanashangaa kwa sababu hapa nyumbani mgonjwa wa magoti anaandikiwa tramadol kama anavyoandikiwa Panadol. Sababu ni hii, tramadol haimo kwenye orodha za ile mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya, kwa hiyo kila nchi imejiamulia yenyewe, kuna nchi zimeilegeza na kuna nchi vijana wao wameharibika nayo vibaya zikaiweka kundi moja na vitu vizito. Misri ni hivyohivyo. Mwaka 2017 kuna mama mmoja wa Kiingereza alikamatwa hukohuko Misri, Hurghada, na vidonge 290 vya tramadol, akajitetea kwamba anampelekea mwenza wake anayeumwa mgongo, mahakama ikampa miaka 3. Hakuwa muuza unga. Alikuwa na dawa ambayo kwao daktari anaiandika kila siku.

Kuna njia mbili, chagueni mapema kwa sababu wiki nne si nyingi.

Njia ya kwanza ni kibali. Serikali ya Emarati inatoa kibali cha kuingiza dawa za matumizi binafsi, kinaombwa onlaini, ni bure, msikubali mtu wa wakala awatoze hela eti ya kibali. Anzia tovuti kuu ya serikali yao, u.ae, tafuta sehemu ya kubeba dawa, wenyewe watakupeleka kwenye fomu. Watataka pasipoti, cheti cha daktari na ripoti ya hospitali inayosema mgonjwa ni nani, anaumwa nini, anatumia dawa gani, nguvu gani, mara ngapi kwa siku na kwa muda gani. Idadi ya kapsuli ilingane na siku atakazokaa. Sasa hapo ndo kwenye tatizo lenu, hivyo vipande vya mkasi na vibahasha vya 1x2 havina ushahidi wa kitu chochote, hata mimi mfamasia ukiniletea "madol 50" siwezi kuapa ndani kuna nini.

Njia ya pili, na kwa mama wa miaka 67 mimi ndo ningeanza nayo, mrudisheni kwa daktari wake muulize kama tramadol bado inahitajika. Wengi waliandikiwa ya siku tano wakaendelea miaka miwili. Lakini nisikie vizuri hapa, MSIIKATISHE GHAFLA. Kama anameza kila siku, mwili umeshaizoea, akiacha leo kesho anaanza kutoka jasho, kutetemeka, kuharisha, usingizi hakuna, na nyie mtadhani ni sukari. Inapunguzwa kidogokidogo kwa mpango wa daktari. Na msikimbilie kumbadilishia diclofenac au ibuprofen za vidonge kwa kuwa zinauzwa kila duka, zile zinapandisha presha na zinaumiza figo, hasa kwa mtu mwenye kisukari anayemeza dawa ya presha kama losartan au wenzake.

Dawa ya kikohozi iache nyumbani. Kikohozi cha mwezi wa nne kimeshapona.

abuu_deira

Asalaam aleykum. Mimi niko Deira, hapahapa Dubai, mwaka wa kumi na moja, nimepokea wazazi na mawifi na mashangazi, nyongeza yangu ni ndogo.

Mfamasia kasema kweli tupu. Ila kuna kitu watu wanasahau, hata kama Dubai unapita tu unaunganisha ndege kwenda Uingereza au India bado uko chini ya sheria za hapa. Watu wanadhani usipogonga muhuri hujaingia nchi. Begi lako limeingia.

Dawa za kawaida za presha na sukari hapa zipo, famasi kila kona, ila bei usilinganishe na nyumbani na kwa insulini atahitaji daktari wa hapa amuandikie, kumuona daktari bila bima hela inakutoka kweli. Bora mama aje na mzigo wake wote wa siku arobaini na ziada ya wiki moja au mbili, ndege inaweza kuahirishwa, mzazi anaweza kuchelewa kujifungua.

Na mashine ya kupima sukari aje na yake. Zahanati ninayoenda mimi wanasoma kwa miligramu, nyumbani tumezoea namba kama 7 au 9. Shangazi yangu alipimwa akaambiwa 160 akaanza kulia anajua anakufa, kumbe ukigawa kwa 18 ni karibu 9 tu. Mwandikieni kwenye karatasi, namba ya Dubai gawa kwa 18.

Mwezi wa saba hapa joto linapita 40. Insulini isiachwe ndani ya gari hata dakika kumi za kuingia dukani.

mzee_wa_chumbageni

Mwanangu shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Mimi ni mtu mzima wa miaka 71, nakuandikia kwa simu ya mjukuu.

Miaka ya nyuma nilisafiri na marehemu mke wangu kwenda nchi moja ya Ghuba. Yeye alikuwa na vidonge vya usingizi alivyoandikiwa baada ya kufiwa na mtoto wetu, viko kwenye kikaratasi, cheti hatukubeba, nani angebeba cheti. Walipofungua begi wakaviona wakamuita pembeni. Akakaa kwenye kiti cha chuma mimi nikiwa upande wa pili wa kioo namuona, haelewi Kiarabu wala Kiingereza, anaulizwa anatikisa kichwa. Ilichukua saa tatu na nusu. Kilichotuokoa ni kijana wa Kipemba aliyekuwa anafanya usafi pale, akamtafsiria, halafu mtoto wetu akatuma picha ya kadi ya kliniki kwa simu. Vidonge walivichukua, sisi wakatuachia. Lakini mke wangu kuanzia siku ile hakutaka tena habari ya ndege mpaka amefariki.

Kwa hiyo mwanangu, hata kama dawa zote ni halali, mama asiwe na karatasi ya Kiswahili peke yake. Barua iwe ya Kiingereza, ina muhuri wa hospitali na namba ya simu ya daktari inayopokelewa. Na yeye mwenyewe ajue kutamka "diabetes" na "insulin", maneno mawili tu hayo, mfundisheni.

binti_wa_pangani

Shikamoo babu, na pole sana kwa yote. Nimesoma ujumbe wako mara mbili nimemsomea na mama, kakaa kimya kisha akasema "basi hayo makapsuli sibebi hata moja".

Nimepata miadi kwa daktari wake Jumanne. Mfamasia naomba uniongoze, hivyo vibahasha nifanye nini, nikanunue upya zote? Na insulini mnaipeleka vipi, kuna mtu kaniambia nigandishe chupa za maji nizizungushie insulini katikati kwenye kibegi cha chakula cha watoto.

kevo_wa_eastleigh

Madam usifanye hiyo ya kugandisha, tafadhali, hiyo story naijua vizuri sana. Mimi nina kisukari cha type one tangu nikiwa darasa la sita, niko Nairobi. Nikienda kumtembelea brathe yangu ng'ambo nilifanya hivyohivyo, nikaweka vichupa vinne kati ya barafu, vimegusana kabisa, nikafunga. Kufika nikatoa nikaona iko sawa tu, baridi safi, nikaanza kudunga. Siku ya kwanza sukari 15, siku ya pili 19, naongeza dozi haishuki, nakojoa usiku kucha, mdomo umekauka kama nimelamba unga. Nikadhani ni chakula cha huko. Brathe ndiye aliinua kichupa kwenye dirisha akaniambia hebu ona hii, kwa glasi ndani kumeshika vitu vyeupe kama chumvi chumvi, ukikiviringisha kwa viganja havichanganyiki. Iliganda, ikayeyuka, ikafa. Nililazwa siku mbili drip.

Insulini iliyoganda hata ikiyeyuka ni ya kutupa. Ndiyo maana haiendi kwa begi la chini ya ndege, huko baridi inaweza kuigandisha, na begi linaweza kupotea ukabaki hivyo. Inakaa na wewe juu, kwa mkoba. Barafu funga kwa taulo, kisha kitambaa kingine, kisha insulini, isiguse barafu hata kidogo. Hiyo anayotumia sasa hivi haihitaji hata barafu, kichupa kikishafunguliwa kinakaa wiki nne hivi kwa joto la kawaida la nyumba, si juani. Barafu ni ya vile havijafunguliwa. Kuna pia vipochi vya kuloweka maji, vinapoza vyenyewe maji yakikauka, kama mtungi tu, mimi siku hizi nabeba hicho sina stress na barafu.

Ya pili, na hii wasafiri wa India ndio inawagonga, angalieni nguvu ya insulini. Hapa kwetu ni 100, kichupa kimeandikwa 100 IU/ml na bomba la sindano ni la 100, kifuniko cha rangi ya chungwa. India bado kuna vichupa vya 40, na bomba lake ni la 40, kifuniko chekundu. Mjomba yangu alienda huko kwa matibabu ya moyo akarudi na vichupa vya 40 kwa sababu ni bei nafuu, mabomba yakaisha, akaanza kutumia ya hapa. Anavuta mpaka mstari wa 20 anajua ni yuniti 20, kumbe ni 8. Wiki nzima anadunga chini ya nusu ya dozi. Kama mama atanunua chochote Dubai alinganishe namba kwa kichupa na kwa bomba, zifanane.

mfamasia_kanda_ya_ziwa

Kevo umemaliza, asante, mimi niongeze mawili tu. Ile ya maziwa 70/30 mama anajidunga kama nusu saa kabla ya kula. Kwenye ndege asijidunge kwa sababu saa imefika, asubiri mpaka aone kabisa lile toroli la chakula linamkaribia, maana wakichelewesha chakula sukari itashuka akiwa amefunga mkanda. Awe na juisi ya boksi (anunue baada ya ukaguzi) na biskuti mfukoni. Safari ni kama saa tano na nusu na Dubai wametuzidi saa moja tu, kwa hiyo ratiba haivurugiki sana.

Ile kanuni ya uwanja wa ndege ya kutobeba kitu cha majimaji zaidi ya mililita 100 haiihusu insulini wala dawa nyingine ya maji yenye cheti, ila aitoe kwenye mkoba aioneshe mwenyewe pamoja na sindano, asisubiri waione kwenye mashine. Mashine ya ukaguzi haiiharibu.

Vibahasha. Si lazima ununue kila kitu upya, zilizobaki amalizie nyumbani kabla ya safari. Za safari nenda famasi moja, peleka cheti kipya atakachopewa Jumanne, sema nataka boksi zima zima, zisikatwe, na juu ya kila boksi waandike jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti na namna ya kutumia. Jina kwenye pasipoti jamani. Nimeona cheti kimeandikwa "Mama Asha" pasipoti imeandikwa jina jingine kabisa. Barua ya daktari itaje jina halisi la dawa, sio jina la kampuni, kwa sababu jina la kampuni la hapa kule hawalijui lakini amlodipine ni amlodipine dunia nzima. Piga picha kila karatasi na kila boksi, tuma kwa dada yako kabla mama hajatoka nyumbani.

Na zile unga, ule wa mlonge na ule wa kijivu usiojulikana. Mlonge wenyewe hauna neno lakini fikiria afisa anafungua kichupa cha jemu anakuta unga hauna lebo. Hawana namna ya kujua mpaka waupeleke maabara, na mama atasubiri majibu akiwa wapi. Uache. Hata mbegu za popi za kupikia hawazitaki kule, na mirungi ndo kabisa.

nisiseme_jina

Samahani naomba niingilie, mada imenigusa. Mimi natumia ARV mwaka wa nane. Mwaka jana nilialikwa semina Ujerumani. Hofu yangu haikuwa polisi, hofu yangu ilikuwa wenzangu wa kazini tuliokuwa tunasafiri pamoja. Lile kopo la dawa linalia, anayejua anajua, kwa hiyo tunajaza pamba ndani lisitikisike. Mimi nikaenda mbali zaidi nikahamishia vidonge vyote kwenye kopo la vitamini. Nikiwa kwenye foleni ya ukaguzi ndo akili ikanijia kwamba nimebeba vidonge 30 ambavyo havifanani na kilichoandikwa kwenye kopo. Nilitetemeka mpaka dada wa pale akaniuliza kama naumwa. Sikukaguliwa ila sitarudia.

Mshauri wetu kliniki akaniambia ningemuuliza angenielekeza, lebo ya kopo haijaandikwa ugonjwa, imeandikwa majina ya dawa tu, tenofovir, lamivudine, dolutegravir. Afisa anataka kuona kopo lina lebo na barua ina jina langu. Barua inaweza kusema natumia dawa hizi kila siku kwa ugonjwa wa kudumu, bila kuutaja. Saizi nabeba kopo lake halisi ndani ya soksi nene, kelele hakuna.

Nchi nyingi siku hizi hazina shida na sisi, hata Marekani walifuta zuio lao mwaka 2010. Ila nawaambia ukweli wenzangu mnaotafuta kazi Ghuba, kwa viza ya ukaazi unapimwa VVU na ukikutwa nayo hupewi. Usikubali wakala akwambie acha dawa kwa muda ili upite kipimo, kipimo kinaona kinga za mwili na kuacha dawa hakuzifuti, utaishia kupoteza kazi na afya vyote pamoja.

binti_wa_pangani

@nisiseme_jina asante sana kwa moyo wako wa kusema. Nimejifunza kitu ambacho sikukitegemea kwenye hii mada.

msafiri_mtarajiwa

Na mimi swali dogo, mdogo wangu ana kifafa anatumia phenobarbitone tangu utotoni, kapata skolashipu ya kwenda Japani mwezi wa tisa. Hiyo nayo inahusika?

mfamasia_kanda_ya_ziwa

Inahusika sana. Phenobarbitone, tofauti na tramadol, yenyewe imo kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971, kwa hiyo karibu kila nchi ina utaratibu wake. Japani ni wakali na wako wazi, andikia wizara yao ya afya sasa hivi, usingoje mwezi wa nane. Wao hata baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoephedrine nyingi hawaruhusu. Kwa nchi yoyote nyingine, ile Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya iliyoko Vienna, kifupi chake INCB, ina ukurasa wa wasafiri umepanga masharti nchi kwa nchi, anzia hapo kisha hakikisha kwa ubalozi. Na mdogo wako asiruke hata dozi moja kwa kuogopa forodha, kifafa kikirudi kwa kukatishwa phenobarbitone kinakuja kwa fujo. Amuone daktari wake, pengine atahamishiwa dawa nyingine, na hilo linachukua miezi.

kaka_mkubwa_TA

Nimesoma yote. Nimempigia mama kumuuliza ile ya magoti yake inaitwaje. Kasema hajui, ni kapsuli. Nitaenda kuangalia mwenyewe wikiendi. Dada samahani kwa ushauri wangu wa mwanzo.

binti_wa_pangani

Hamna neno kaka, mwangalie mama.

Narudi na mrejesho. Jumanne tulikuwa wa tatu kwenye foleni. Daktari kafungua faili kaona tramadol iliandikwa mwaka juzi kwa wiki mbili tu, baada ya hapo mama alikuwa anajinunulia mwenyewe pale dukani kwa kuonesha kipande cha zamani, ndo maana vipande vya mkasi vilikuwa vingi vile. Mimi nalala nyumba moja naye na sikujua. Kampa mpango wa kupunguza, wiki ya kwanza ile ya asubuhi inatoka, ya usiku inabaki, na kuendelea hivyo mpaka iishe kabla ya safari. Kwa maumivu paracetamol kwa saa maalum, sio mpaka yazidi, na dawa ya kupaka, na mazoezi ya kunyoosha mguu akiwa amekaa kitini. Leo siku ya sita. Usiku wa tatu ulikuwa mgumu, alitoka jasho akaniamsha, nikampima sukari iko sawa, tukakaa barazani mpaka akatulia. Jana kalala mpaka saa kumi na moja.

Barua ipo, ya Kiingereza, muhuri, jina la pasipoti herufi kwa herufi. Maboksi nimenunua mazima, mwenye famasi alitaka kukata akaona uso wangu akaacha. Ya kikohozi nimeirudisha famasi waiteketeze wenyewe. Unga wa kijivu mama kamwaga, wa mlonge kasema atampa mama mdogo.

Kipochi cha kuloweka maji sijakipata Tanga, kuna mtu anaweza kuniambia Dar wanauza wapi? Tutafika siku moja kabla ya ndege.

abuu_deira

Nitumie namba ya dada yako inboksi. Kipochi nunueni hukohuko kikipatikana, kisipopatikana taulo na barafu kama alivyosema Kevo inatosha kwa saa tano. Kwenye friji la kwa dada yako waiweke mlangoni, wasiisukume nyuma karibu na friza. Na mama akishafika, kesho yake naleta pweza.

binti_wa_pangani

Nimekutumia. Mama kasikia habari ya pweza kauliza kama utakuja na tui.